Uji wa Zawadi Niliunywa Mimi

Gungu, Kigoma

Mama yangu,

Shikamoo. Hamjambo huko Kalya? Kifua cha Bibi kimetulia? Mimi mzima, ila nina jambo sijamwambia mtu yeyote, na kwenye simu siwezi kwa sababu Shangazi huweka spika. Uji wa Zawadi niliunywa mimi.

Unamjua Shangazi. Kabla hajaenda Kibirizi kununua dagaa, humpima mwanawe Zawadi kwa vitu viwili: kiganja shingoni na kikombe cha uji. Akimaliza uji si mgonjwa, aende shule. Akishindwa anabaki nyumbani, na wa kubaki naye ni mimi. Siku zote mimi! Kaka Shabani, mwanawe mkubwa, tuko naye kidato kimoja, hajawahi kuambiwa abaki hata mara moja. Nilipouliza, Shangazi alicheka: "Shabani anajua nini kuhusu mtoto? Wewe si mwanamke?" Shabani naye, mdomo umejaa chapati: "Mtoto wako huyo, mlee!" Nikaondoa vyombo, unanijua. Lakini ndani nilichemka.

Muhula huu nimeshakosa majaribio mawili. Jumatatu lilikuwa la Biolojia. Alfajiri Zawadi alikuwa wa moto, anatetemeka. Nikampa panadol, nikasubiri apoe, uji nikaumaliza kwa mafunda matatu. Shangazi akamgusa, akachungulia kikombe. "Mzima huyu. Mvalishe."

"Dada, miguu inauma," Zawadi aliniambia njiani. Nikamvuta mkono.

Swali la tatu lilitaka dalili za malaria. Nilizijaza zote kwa Kiingereza, sikukosa hata moja. Saa hiyohiyo yeye alikuwa ameanguka darasani.

Sasa yuko kwenye dawa, lakini hata kusimama bado anashika ukuta. Shangazi anamsema mwalimu kwa majirani: "Mtoto alitoka hapa mzima, uji kamaliza!" Na kesho anataka kumpima tena. Nina hasira naye, Mama, na Shabani, na mimi mwenyewe kuliko wote. Hivi punde Zawadi ameninong'oneza: "Dada, kesho utaninywea tena?"

Sinywi. Kikombe kitabaki kimejaa, na safari hii abaki Shabani.

Nisalimie Bibi, na Baba akirudi kutoka ziwani, na mdogo wangu aliyerithi sauti yako.

Nasikia ndala za Shangazi zinakuja. Siku tatu hizi, kila zikilia, karatasi hii inaingia chini ya godoro. Ameshika kitasa. Naiacha hapa mezani, aisome.

Mwanao,
Riziki