Kikao cha Kupanga Meza Kuu ya Mabingwa wa 1981

CHAMA CHA WAHITIMU WA CHUO CHA UALIMU MTOMWENI, TAWI LA LONDON

Tarehe: Jumamosi, 14 Machi 2026, saa nane mchana
Mahali: Ukumbi ulio juu ya duka la vitambaa la Bi. Indu, Ilford

Waliohudhuria:
Bw. Mahmood – Mwenyekiti, aliyekuwa kepteni wa timu
Bw. Lawrence – Mweka Hazina, aliyekuwa winga wa kulia
Bw. Gurpreet – Mjumbe, aliyekuwa kipa
Bi. Shenaz – Mjumbe, msimamizi wa chakula
Bi. Peris – Katibu
Mgeni: Bi. Rupa, binti wa Bw. Gurpreet

Waliotoa udhuru: Bw. Ajay wa Hounslow, yuko zamu uwanja wa ndege
Wasiotoa udhuru: Bw. Ramesh wa Kilburn, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/03/2026: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifika saa nane na dakika arobaini akalaumu treni. Bw. Lawrence alieleza kwamba yeye alitumia laini hiyohiyo akafika mapema. Mwenyekiti alisema hakuja kujibu maswali ya treni. Ilisomwa sala ya Kikristo na dua ya Kiislamu. Bw. Gurpreet alisimama kwa zote mbili.

KUMB. NA. 2/03/2026: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Bi. Shenaz aliarifu kwamba chakula cha sherehe ya Mei kimepangwa: pilau, kuku, na sahani za wasiokula nyama. Mwenyekiti aliona sahani za mboga ni nyingi mno. Bi. Shenaz alijibu kwamba yeye aliwapigia simu wageni mmoja mmoja, na akataka kujua Mwenyekiti alimpigia nani. Hoja hiyo iliishia hapo.

KUMB. NA. 3/03/2026: WATAKAOKAA MEZA KUU

Mwenyekiti alieleza kwamba Meza Kuu itakuwa ya waliocheza fainali ya Kombe la Vyuo mwaka 1981, kama ilivyo desturi ya chama.

Bw. Gurpreet aliomba kukaa Meza Kuu. Katibu anaweka wazi kwamba hili ni ombi lake la kwanza tangu chama kianze. Msimu ule hatukupoteza mechi hata moja, na langoni alikuwa yeye mpaka nusu fainali. Katika sherehe zetu zote yeye ndiye hupanga viti, kisha hukaa karibu na mlango wa jikoni.

Mwenyekiti alisema sheria ni sheria, na kwamba aliyelala siku ya fainali hawezi kuketi na walioamka. Alicheka. Wajumbe hawakucheka.

KUMB. NA. 4/03/2026: SIKU YA FAINALI

Mwenyekiti alikumbusha kwamba jambo hili halimo kwenye ajenda. Wajumbe waliliingiza.

Kwa faida ya wasiosoma Mtomweni: kila siku ya mechi, kipa ndiye aliyekuwa akikusanya mipira stoo na kufunga mlango, kwa hiyo alikuwa wa mwisho kupanda basi. Dereva hakuondoka mpaka kepteni apige bati la basi kwa kiganja, na kepteni hakupiga mpaka kipa awe ameingia.

Bw. Gurpreet alisema hakulala akaachwa na basi, kama inavyosimuliwa. Alitoka stoo na mipira yake akakuta vumbi la basi. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza miaka yote hii, alijibu: "Mlirudi mkiimba, kombe liko juu ya kichwa cha Himid. Ningeanzia wapi?"

Marehemu Himid, binamu wa Mwenyekiti, alikuwa kipa wa akiba. Ndiye aliyedaka fainali.

Bw. Lawrence alisimama. Alimwambia Mwenyekiti: "Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Nilimwona Gurpreet akikimbia na wavu wa mipira begani. Nikakuambia, kepteni, kipa bado. Ukaniambia nikae chini, Himid ako ndani, inatosha. Halafu ukapiga bati."

Mwenyekiti alikubali kwamba alipiga bati. Alieleza kwamba Himid alifanya mazoezi mwaka mzima bila kucheza, na siku hiyo baba yake alikuwa amesafiri kutoka Voi kuja kumwona. Aliongeza kwamba Himid alipangua penalti, na kwamba kila mjumbe aliyemo ukumbini alicheza ngoma usiku ule. Kisha aliagiza maneno haya yasiandikwe, kwa heshima ya marehemu.

Katibu alijibu kwamba marehemu hakupiga bati. Maneno yameandikwa.

Bi. Rupa aliomba ruhusa ya kusema, akamwambia Mwenyekiti kwa Kiingereza, naye Katibu anaweka hapa kwa Kiswahili: "Kila mwaka ulishika maikrofoni ukasimulia jinsi baba alivyolala. Nimekua nikiisikia. Mimi pia nilikuwa nacheka." Bw. Gurpreet alimjibu kwa Kiswahili kwamba alikuwa mtoto, hana kosa. Bi. Shenaz alitoka na Bi. Rupa nje kidogo, na kikao kilisubiri.

KUMB. NA. 5/03/2026: MAAZIMIO

Bw. Lawrence alitoa hoja, ikaungwa mkono na Bi. Shenaz, kwamba Bw. Gurpreet akae Meza Kuu karibu na kepteni, na kwamba Mwenyekiti asimulie upya habari za siku ile kwa maikrofoni ileile. Hoja ilipita. Aliyepinga ni Mwenyekiti peke yake.

Bw. Gurpreet alishukuru, akasema kiti cha karibu na Mahmood hakitaki tena. Atakaa na binti yake. Habari isimuliwe tu, na yeye awepo akisikiliza. Aliomba pia mwaka huu viti vipangwe na mtu mwingine.

Iliazimiwa viti vipangwe na Mwenyekiti.

KUMB. NA. 6/03/2026: KUFUNGA

Hapakuwa na sala wala dua, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Wajumbe walitawanyika saa kumi na robo.

Katibu: Peris (sahihi)

Mwenyekiti: Mahmood (sahihi)
Chini ya sahihi, kwa mwandiko wake: "Nimesaini. Lakini kombe tulilileta."