Atu Ameacha Kazi

Iringa, Alhamisi

Atu ameacha kazi leo, na sababu ni mimi.

Yeye ndiye aliyetengeneza programu yetu ya bei za viazi, ile wanayotumia wakulima kuanzia Kilolo mpaka Uyole. Wiki iliyopita ilikwama mbele ya wateja, nikamfokea palepale.

Asubuhi kaniletea barua. Nikamuuliza amepata kazi wapi.

"Sijapata popote, kaka Festo. Ulipokuwa fundi mwenzetu nilikuwa nakuja kazini mbio. Tangu uwe bosi, naogopa hata kukuuliza swali."

Nilitaka kumwomba msamaha, lakini wenzetu walikuwa wanatuangalia, nikaona aibu. Nikasaini barua. Akaniaga kwa adabu, akaenda kupanda basi la kwao Mbeya.

Nimeshinda ofisini mpaka jioni. Hakuna aliyenisemesha.