Makala Yako ya Ini Imefika Kivaa

Daktari wangu,

Nimeolewa. Ningetaka uwe wa kwanza kuambiwa, lakini ulitutoka miezi mitano kabla ya harusi, na kile kiti chako pale dukani nilikokuwa napiga chapa, Machakos mjini, bado sijazoea kukiona kitupu. Mume wangu ni Mutinda, yule aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho mara nne kwa wiki moja. Ulimwambia, "Kijana, kitambulisho hakibadiliki, sema ulichokuja kusema." Akasema. Nina furaha hadi naona haya. Nikikumbuka anavyotamka jina langu, nasahau nilichokuwa natafuta.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponisomea makala yako nikupigie chapa? Katika midomo yetu sisi Wakamba, liver na river, yaani ini na mto kwa Kiingereza, hutoka neno moja, nami nikaandika kurasa nane za ugonjwa wa mto. Nilitaka kulia. Ukavua miwani, ukacheka hadi ukashika meza: "Mwende, umewapa wagonjwa wangu maji mengi." Jarida lilipotoka, jina langu lilikuwa pale chini, ukinishukuru. Nimekuja nalo Kivaa, huku kwao Mutinda, katikati ya leso zangu za harusi.

Sasa sikia. Mutinda amerudi Athi River, anashona suruali kwenye viwanda vya EPZ, nami nimebaki kwa mama yake. Wazazi wangu walikuwa waje Jumamosi kuona nilikoolewa. Alhamisi mama mkwe akamimina mahindi kwenye ungo ili tuyatwange, tutoe maganda, tuwapikie muthokoi. Nikaona kwenye punje ule ukijani ulionieleza, wa ukungu unaoharibu ini, na harufu yake ikanipanda puani.

Bibi arusi wa wiki tatu hamwambii mama mkwe kwamba mahindi yake ni mabaya. Na kulikuwa na zito zaidi. Baba yake Mutinda alikufa macho yakiwa ya manjano, tumbo limejaa maji. Kivaa nzima ilisema ni kaluvu, pombe yetu ya asali, kwamba yeye, mzee wa kanisa, alikuwa akinywa kwa siri. Mama pia aliamini. Nikifungua mdomo nitamsafisha mzee, lakini nitakuwa nimemwonyesha mama ghala lake mwenyewe.

Nilifikiria kunyamaza, Daktari, sikufichi. Kisha nikawawaza wazazi wangu na sahani mikononi.

Nikaleta jarida, nikamsomea kwa Kikamba palepale tulipokaa. Nikamsomea juu ya wale wagonjwa wako ambao hawakuwahi kuonja pombe, na magunia ya nailoni yaliyojazwa mahindi kabla hayajakauka. Ulikuwa umeandika kwa maneno magumu, lakini nilikuwa nimekusikia ukiyaeleza mara nyingi kwa maneno mepesi, basi nikayatumia hayo. Akasikiliza mkono wake ukiwa ndani ya mahindi. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ni mimi nilimlisha?"

Nikampa jibu ulilompa yule mjane aliyekufuata hadi dukani: "Huenda ni mahindi, mama. Lakini hakuna aliyekufundisha."

Akautoa mkono kwenye mahindi. Halafu akasema, si kwangu hasa, "Miaka sita nimemnunia maiti."

Tulichimba shimo tukayafukia yote, hata kuku hatukuwapa. Jumamosi wazazi wangu walikula viazi na nyama ya mbuzi, na mama mkwe akamwambia baba yangu, "Mmeniletea mkali. Ameanza na ghala, sijui kesho atakagua nini." Baba akamjibu, "Huyo tulimtoa ndiyo tupumzike." Wakacheka, nami nikapata kupumua.

Leo asubuhi mama amechukua jembe kwenda kupalilia kaburi la mumewe. Hakutaka nimfuate. Ameniombea nafasi Jumapili baada ya ibada, niwasomee akina mama wenzake kazi yako. Nakuahidi nitasoma polepole. Pale ulipoandika huenda, nitasema huenda, na atakayeuliza nisilolijua nitamwambia silijui, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Wapo wengine kule kanisani waliowanunia maiti wao.

Pumzika, Daktari. Nakushukuru kwa jinsi ulivyowaangalia watu wetu bila kuwahukumu.

Ni mimi, Mwende, mke wa Mutinda.