Nilipoliita Bwawa Kidimbwi

Tusekile, mwana wa dada yangu,

Ugonile? Najua hutanijibu leo, basi nijijibu mwenyewe. Nimeamka, mwili upo, maneno ndiyo yamepungua. Na wewe unajua kwamba mimi kupungukiwa maneno ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali.

Barua hii sikuifunga. Nimempa mwenye mtumbwi wazi hivihivi, nikamwambia atakayetaka kuisoma aisome, wa upande huu na wa upande wenu, na asiyejua kusoma asomewe. Neno lile sikukuambia chumbani. Nilikuambia mbele ya watu, na dawa yake nitainywa mbele ya watu. Mwandiko utanisamehe. Niliishia darasa la tano, ingawa darasa la tano la wakati ule ni sawa na chuo cha siku hizi.

Unakumbuka nilivyokuwa nakupakia mbele kwenye baiskeli kwenda Kyela mjini? Baiskeli ya kwanza yenye gia kupita Ikolo ilikuwa yangu, na anayebisha aje tubishane. Ndiyo miaka biashara ilipofunguliwa, sabuni ya Malawi inakuja huku, mchele wetu unakwenda kule, na kila mwenye miguu miwili anajiita mfanyabiashara. Tukifika Bondeni nakukalisha juu ya magunia dukani kwa Shehe Bakari, yule mzee mwenye asili ya pwani, naye anakupa kashata ili unyamaze. Hunyamazi. Unataka nisimulie ile ya mto.

Nami nasimulia. Kwamba masika moja, kule chini karibu na ziwa tulikokaa kwanza, Songwe, mto wetu wa mpaka, ulichoka kulalia ubavu mmoja ukageuka. Tuliingia ndani kula wali tukiwa Watanzania, tukatoka kunawa mikono tuko Malawi, na jogoo wetu kabla ya kuwika akatazama kwanza kama ana kibali. Shehe Bakari alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Ya jogoo niliongeza. Ya mto ni kweli tupu, na ndiyo maana bibi yako alituhamishia huku juu, mto unapotoka milimani, akasema hapa kingo ni za mawe, mto hautatuhama tena.

Hadithi ikiisha unauliza swali lilelile, na sauti yako ile ya kukwaruza: "Sasa mjomba, sisi ni watu wa wapi?"

Nami nakujibu, "Wa mto."

Ukakua, ukaolewa ng'ambo, wala hatukuona kama umekwenda mbali. Ulikuwa unasimama kwenye jiwe la upande wenu unaita, na mama yako anakuitikia huku anapalilia migomba. Alipofariki tukamzika palepale kwenye migomba. Jiwe la kaburi ulilichagua wewe, ukalivusha kwa mtumbwi, na mwenye mtumbwi akalalamika mwezi mzima kwamba umemvushisha mlima. Mwaka uliofuata mke wangu naye akatangulia. Nikabaki na wewe tu wa kuniita kutoka ng'ambo kila jioni, kuniuliza kama nimekula. Mara nyingi sikuwa nimekula. Nilisema nimekula.

Kisha wakaja wale wataalamu na gari lao na darubini ya miguu mitatu. Mkutano ukaitishwa kiwanja cha shule. Wazee wetu, na hasa akina bibi, Kiswahili chao ni cha kununulia chumvi, kwa hiyo mgeni akauliza nani atatafsiri. Nilisimama swali halijaisha. Nani mwingine? Nani aliyefanya biashara Karonga na Mbeya, akakaa Dar es Salaam siku tisa nzima?

Mgeni akasema serikali za pande mbili zinafikiria kujenga bwawa, litoe umeme. Sasa mimi, Tusekile, bwawa nililolijua maisha yangu yote ni lile la misheni la kufugia perege, ambalo mtu akitumbukia anatoka amelowa magoti. Nikachukua neno letu la Kinyakyusa la kidimbwi, nikawapa watu. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikanogewa. Mgeni akisema sentensi moja mimi natoa tano. Nikawaambia taa zitawaka hadi kwenye mabanda ya nguruwe, na perege watanenepa mpaka tutawachunga kwa fimbo kama ng'ombe. Watu wakacheka, mikono ikapanda, wote wanakitaka kidimbwi.

Ndipo mgeni akakunjua ramani. Nilikuwa mbele kabisa, niliiona kabla ya wote. Ile rangi ya bluu haikuwa kidimbwi. Ilipita juu ya shule, ikapanda pande zote mbili za mto, kwetu na kwenu. Nilitafuta migomba ya mama yako, nikaikuta ndani ya bluu.

Hili sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Watu walidhani sikuelewa, nami nikawaacha wadhani, maana ujinga una nafuu. Niliona, Tusekile. Lakini kicheko cha watu kilikuwa bado masikioni mwangu, kitamu, nikashindwa kukirudisha.

Wewe ulikuwa umevuka siku ile, umesimama nyuma na mtoto mgongoni. Ulikisikia Kiswahili cha mgeni na ukanisikia mimi. Ukapaza sauti, "Mjomba anawaambia kidimbwi. Huyu bwana anasema maji ya kufunika kijiji. Kaburi la mama litakuwa chini." Watu wakakugeukia. Ukasema, taratibu sasa, kama unaniomba maji, "Mjomba, waambie."

Nami nikawaambia, "Msimsikilize huyu. Huyu ni mtu wa ng'ambo, hana neno hapa."

Mimi. Mimi niliyekulea kwa hadithi ya mto uliohama.

Ulikaza kitenge cha mtoto, ukashuka mtoni. Masika tatu zimepita.

Baada yako mambo hayakuchukua muda. Wataalamu walirudi kupigilia vigingi vya saruji vilivyopakwa rangi nyeupe, kimoja hatua kumi kutoka kwa mama yako, na hata asiyejua Kiswahili alijua kusoma kigingi. Sitaficha, watu walikuja kwangu. Bibi Sekela jirani yangu, unamjua ulimi wake, alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwenye perege, na mimi fimbo yangu ya kuchungia nikate ya mti gani?" Tangu siku hiyo jina langu ni Kidimbwi. Hata Bondeni limefika. Nikianza hadithi dukani, vijana wanaulizana, "Hiyo ni yenyewe au ni tafsiri?" Benchi langu la nje, lililokuwa halina nafasi, siku hizi linakaliwa na kuku.

Nakuambia sasa kitu ambacho labda hujui nilikiona. Siku walipokuja kupima mara ya mwisho, akina mama wa huku walikikuta kile kigingi, wakakizunguka, wakanyoosha miguu chini, wakaanza kulia msiba. Msiba kamili, wa kutaja majina. Walitaja kila aliyezikwa kijijini, mmojammoja, mpaka watoto wachanga. Gari likasimama. Huwezi kupitisha gari katikati ya msiba, hata uwe na barua ya nani. Yule bwana mkubwa akavua kofia, akauliza nani amefariki. Bibi Sekela akamjibu, kwa Kiswahili chake cha chumvi, "Kijiji. Bado hakijafa, tumewahi tu."

Na ng'ambo vilevile. Mlikuwa mnalia upande wenu, tukawasikia juu ya maji. Nilikuwa nimejificha kwenye migomba, maana hakuna aliyenialika. Nikaisikia sauti ya kukwaruza ikimtaja mama yako. Nikafungua mdomo nikuitikie. Tusekile, mdomo huu, uliouza mchele mbovu kwa bei ya mzuri, haukutoa kitu.

Wapimaji wakaondoka. Vigingi vimebaki.

Mimi nimeanza kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nakwenda nyumba kwa nyumba kwa kila bibi aliyenyoosha mkono siku ile. Nakaa, nasema nilitafsiri vibaya, bwawa lile siyo kidimbwi, na niliiona ramani. Hapo nimeanza kusema hata lile la ramani, kwa sauti ndogo. Wengine wananipa ndizi, wengine wananitazama tu. Bibi Sekela alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na mtoto wa dada yako, huyo ulimtafsiri sawasawa?" Nikaondoka bila kuaga. Usiku ule sikula, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa tumesikia wanarudi baada ya mavuno kuitisha mkutano wa pande zote mbili pamoja, na safari hii wanataka majibu ya kuandikwa. Wazee wameniuliza nani atatafsiri. Wameniuliza kwa kunipima, nimeliona jicho. Nimewaambia yupo mmoja tu aliyesikia sawasawa mara ya kwanza, na anakaa ng'ambo. Wakasema, "Mwite basi."

Ndiyo nakuita. Wewe utasimama mbele, nami nitakaa chini pamoja na akina mama, miguu nimenyoosha. Wakikuuliza una neno gani hapa, nitasimama mimi niwajibu, kisha nikae tena. Hata usiponisamehe, vuka. Kaburi la mama yako nimelipalilia. Jiwe lako bado limesimama wima, ila upande mmoja limeota majani nisiyoyajua, nimeyaacha uje uyaone.

Simama kwanza kwenye jiwe lenu uniulize lile swali lako la dukani, kwa sauti, watu wote wasikie. Kila jioni nipo ukingoni.

Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi mjomba wako, mtu wa mto.