Chupa Ambayo Sikuionja

Maman mpenzi,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, goti limepunguza ukorofi wake, na bado unavuka kwenda Bukavu na maharage yako, ukibishana na wale wa forodha mpaka wanachoka wenyewe. Mimi mwanao Furaha niko salama. Nakula, nalala, na baridi imeshanizoea. Najua tunapigiana simu kila Jumapili, lakini kila nikitaka kulisema jambo hili unaniuliza nitaolewa lini, nami napata pa kujificha. Ndiyo maana nimeandika.

Kazi yangu ni ile ile. Nyumba yetu hapa Ubelgiji ina wakimbiaji watano: Wakenya wawili, Mganda, Muethiopia, na Clémentine wetu wa Gashonga. Meneja anawatafutia mbio. Mimi napika ugali, najaza makaratasi, nawapeleka kwa daktari, na asubuhi nawafuata kwa baiskeli nimebeba makoti na chupa zao. Asubuhi hizo nazipenda sana, Maman. Ukungu unakuwa mzito mpaka siwaoni, nasikia viatu tu na pumzi zao. Nakwenda hivyo hivyo, macho nusu yamefumba, mara niko kwenye ule mteremko wa Bugarama, joto linanipanda usoni, mpunga unanukia, na wewe uko mbele yangu na kitenge chako cha kijani, hugeuki. Nakuita bila sauti. Halafu Clémentine, anayeniita Yaya kama dada yake mkubwa, ananyoosha mkono, "Yaya, mayi," namkabidhi chupa ya maji, na tuko Ulaya tena.

Unakumbuka siku niliyokuja kumchukua. Papa yake, Mzee Bosco, alinishika mikono miwili pale kituo cha basi Kamembe, akasema, "Furaha, huyu mutoto iko mu mikono yako. Mimi Bulaya siijue. Nakujua weye." Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Nilijibu haraka sana.

Meneja alikuwa amemwekea Clémentine marathoni ya mwezi wa nne, mbio za mji mdogo, wakimbiaji wenye majina makubwa hawakuja. Ilikuwa ya kwake kabisa. Sasa, katika mbio hizi, kila mkimbiaji mkubwa ana chupa zake. Nilimchanganyia maji na sukari na chumvi, nikafunga utepe mwekundu kwenye kila chupa ili azione kwa mbali, nikawapa waandaaji jioni ya kuamkia mbio. Wao ndio wanaozipanga mezani barabarani, na zinakaa pale zikimngoja.

Alipita meza ya kwanza bila kugusa. Nikadhani hana kiu. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu aliitazama chupa yake, nilimwona kwenye televisheni ya pale mwisho wa mbio nilipokuwa namngoja, akaitazama vizuri kabisa, akapita. Wakati huo alikuwa anaongoza. Kilomita saba kabla ya mwisho miguu ikakataa, akaanza kutembea akiyumba, na wanawake wakampita mmoja mmoja. Alimaliza wa kumi na tisa. Nilimfunika blanketi, midomo yake ilikuwa mikavu, nikamwuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kwa nini hakunywa.

Akasema, "Yaya, ile chupa ilikuwa pale yenyewe. Nani alionja? Bale bantu bote sibajue."

Maman, nilikaa chini pale pale kwenye lami. Wewe hukuwahi kunipa hata kikombe cha maziwa bila kupiga funda kwanza mbele ya macho yangu, nione hakuna sumu. Nani kwetu anakunywa kitu kilichofunguliwa kikaachwa peke yake na watu asiowajua? Mazoezini Clémentine alikuwa anakunywa vizuri kwa sababu mimi, kwa kiu yangu ya baiskeli tu, nilikuwa napiga funda moja kabla ya kumpa. Yeye alidhani namwonjea. Mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba watu wanaonjeana. Miaka tisa huku imetosha kunifanya hivyo, na nikikaa peke yangu naona aibu.

Nilimweleza meneja. Si mtu mbaya, alisema atampa mbio moja zaidi, ya mwezi wa kumi. Akiingia watatu wa kwanza, anabaki. Asipoingia, nafasi yake inakwenda kwa mwingine na anarudi nyumbani. Aliniombea pia ruhusa ya kusimama mezani.

Mbio hizo zilikuwa za kuzunguka mji, wanapita meza ile ile mara tatu. Nilisimama tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Kila Clémentine alipotokea kwenye kona niliinua chupa juu, nikapiga funda aone, nikampa. Mama mmoja wa waandaaji aliyekuwa kando yangu alinikazia macho kama vile naiba uji wa mtoto. Clémentine alikunywa mara zote tatu. Alikimbia, Maman, alikimbia kama mtu anayetumwa dukani na nyumbani wanamsubiri, bila kuangalia kushoto wala kulia. Lakini safari hii wenye majina walikuja. Alimaliza wa sita, na hajawahi kukimbia kwa kasi ile.

Hakulia. Alivua viatu, akasema, "Nimefanya yote, Yaya. Mu miguu hamukubakia kitu." Nililia mimi.

Anarudi wiki hii, na ndiye anayekuletea barua hii, hajui kilichomo. Usiku anaota kwa sauti, anajibu watu wanaomwuliza amerudi na nini. Basi nakuomba. Usimwache aingie kwa Papa yake peke yake. Nenda naye Gashonga, hata goti likikataa, panda moto, zile pikipiki za abiria.

Msalimie kaka yangu Dieudonné mwenye moto, huyo ndiye akupeleke na asikutoze. Msalimie Tantine Vumilia wa Nkombo, nazikumbuka sambaza zake, dagaa wale wa ziwani, kila nikikaanga samaki wa huku wasio na ladha. Msalimie wifi yangu Solange pale kinu cha mpunga, mtoto wake nimemshonea kofia. Na majirani wote wanaoniombea kanisani.

Kisha, Maman, mkishakaa wote na Clémentine akiwa hapo anasikia, msomee Mzee Bosco mstari huu kwa sauti, usipunguze neno: Binti yako hakushindwa. Mimi Furaha, uliyeniamini, ndiye niliyempa kinywaji bila kuonja.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda kutoka mbali,
Furaha