Bangili ya Mama

Mdogo wangu mwalimu,

Huku mvua imeacha, na karakana yangu ya usonara inaendelea.

Umeniandikia kwamba neno ornamentum ni la Kilatini: pambo, vifaa vya kazi, hata heshima ya mtu. Unataka nilichonge kwenye bangili ya mama. Haiwezekani. Mwaka huu, kama nilivyokuandikia, nimeipunguza mara tatu ili isimvuke mkono. Herufi kumi hazienei tena.

Hukuuliza kwa nini nilikuwa naipunguza. Daktari haongelei tena kupona, anaongelea wiki mbili.

Nilimsomea mama barua yako, akacheka hadi akakohoa. “Mtoto wangu kwa maneno! Mwambie aje anishike mkono, bado kidogo upo.”

Basi panda gari.

Ni mimi dada yako, niliyebaki naye.