Tundu Puani mwa Kwale

Kaka Eutimio,

Huku shambani La Mancha, Hispania, hatujambo. Mti wa lozi wa mama umechanua mapema. Mwaka wa tatu huu naacha nusu ya ngano bila kuvuna ili kwale wa porini wapate pa kutagia, kama ulivyotaka kwa ajili ya wawindaji wako wanaokulipa. Kwa hasara hiyo, trekta nimeliuza.

Jana nilipomnyonyoa kwale mmoja aliyepigwa shambani kwetu niliona tundu puani. Wa bandani ndio huvishwa pete hapo, wasidonoane. Nikamwita Fermín, mlinzi wetu.

"We Fermín, siku hizi unatulindia kuku?"

"Mimi natumwa tu, mama. Lori huwashusha kwale hao wa bandani alfajiri. Muulize kaka yako."

Usinijibu kwa barua. Njoo Jumapili ule. Kwale nimemlaza kwenye siki, na kichwa sijamkata, pua uione mwenyewe.

Dada yako,
Casilda